Jengo la kale Lindi lenye alama ya pembe mbili: ni la Frimasoni kweli? Na tulitunze vipi kabla halijadondoka?

#1 Mtu wa Ndoro (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Lindi mjini, kwenye mitaa ya zamani ya maduka upande wa baharini, kuna jengo la ghorofa moja la mawe ya matumbawe. Roshani yake ya mbao imebaki nusu. Juu ya mlango mkubwa, kwenye lipu, kuna alama: pembe mbili kama herufi V zimepishana, moja inatazama juu, nyingine chini. Katikati palibandikwa kitu ambacho sasa hakipo, zimebaki tundu mbili za misumari. Sisi tuliozaliwa mitaa ile tumekua tukiambiwa "pale ni kwa Frimasoni, usipite usiku." Basi kila mtu analiogopa, na jengo linaoza huku tunaliangalia.

Tumeomba ruhusa kwa familia inayoshika ufunguo, tumepita ofisi ya kata, tumeingia vijana wachache wa mtaa. Chini ni stoo tupu. Juu kuna ukumbi mmoja mrefu usio na nguzo hata moja katikati. Sakafu ni vigae vyeusi na vyeupe vimepangwa kwa kupokezana. Upande mmoja kuna jukwaa la ngazi tatu. Ukuta mwingine una kidaka kikubwa cha upinde, mtu mzima anaingia akisimama. Bati zimeliwa na kutu, na kona inayovuja sakafu yake inabonyea ukikanyaga.

Naomba mawili. Wenye kujua historia watuambie hii ilikuwa nyumba ya nani. Na mafundi watuambie tuanzie wapi, maana kuna mzee mmoja mwenye moyo ameahidi saruji, na vijana wanataka kupiga plasta nje na ndani mwezi huu huu.

#2 Dereva wa Kusini

Nimekaa mbele kabisa. Picha ziko wapi mkuu?

#3 Kijana wa Mtanda

Hiyo ni Frimasoni asilimia mia, hakuna mjadala. Sakafu nyeusi na nyeupe ni yao, jukwaa la ngazi tatu ni lao, na hiyo alama ni bikari na skwea, vifaa vya fundi vya kupimia. Katikati hukaa herufi G, ndicho kilichobanduliwa. Ila nyinyi mnahangaika na rangi wakati mali iko chini. Wajerumani walipofukuzwa 1918 walizika rupia pale, na kuna njia ya chini kwa chini kutoka kwenye hilo jengo hadi bomani. Mjomba aliifahamu. Mkipata kipima madini nishtueni.

#4 MwalimuMstaafu

Kijana, tuweke tarehe sawa kwanza. Lindi mjini Wajerumani hawakudumu hadi 1918. Waingereza waliuchukua mji huu kwa njia ya bahari Septemba 1916. Vita vikubwa vya Mahiwa, hapo juu kidogo tu, vilikuwa Oktoba 1917, na Novemba mwaka huo huo Lettow-Vorbeck, kamanda wao, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mtu anayerudi nyuma na maelfu ya wapagazi mguuni hana nafasi ya kurudi mjini kuzika sanduku chini ya duka la mtu.

Kuhusu Frimasoni, umoja wao rasmi ulianzia London, tarehe 24 Juni 1717, na huku kwetu walienea zaidi pamoja na maofisa na wafanyabiashara wa Kiingereza. Sakafu ya miraba ni yao kweli, lakini ukumbi wao una kanuni nyingine inayopimika: umelazwa mashariki kwa magharibi. Mkuu wa kikao hukaa mashariki, msaidizi wa kwanza magharibi, wa pili kusini. Kaskazini hakai kiongozi. Mtoa mada, ingia na dira, hata ya simu, utuambie jukwaa liko upande gani na kidaka kiko upande gani. Hapo tutaanza kuzungumza.

#5 BintiMikindani

Shikamoo mwalimu.

Hiyo njia ya chini kwa chini kila mji wa pwani unayo! Mikindani wanasema inatoka boma la 1895 hadi baharini, Kilwa Kivinje wana ya kwao, Bagamoyo ndiyo usiseme. Kaka zangu hapa kwetu waliingia usiku nyumba ya jirani kutafuta hizo rupia. Walichimba pembeni mwa msingi hadi usawa wa kifua. Rupia hawakupata. Masika ile ile maji yakaingia kwenye shimo, ukuta wa barabarani ukalala wote na mlango wa kuchonga ukapasuka. Mwenye nyumba alilia barabarani mbele yetu. Kijana wa Mtanda, tafadhali usimpelekee mtu kipima madini kwenye jengo lililochoka.

Halafu mjue kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Majengo ya kabla ya 1863 yanalindwa moja kwa moja, na milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1940 nayo imo. Hilo la kwenu kama ni la wakati wa Mwingereza, kuta zake hazimo mpaka Waziri alitangaze. Lakini mlango mkubwa kama umechongwa, unaweza kuwa umelindwa tayari hata kama nyumba yenyewe haijalindwa. Msiuuze, msiung'oe, na akija mtu wa mjini na gari na pesa taslimu, mwonyesheni njia ya kwenda ofisi ya kata.

#6 fundi_Mingoyo

Nimesoma bandiko la kwanza nikaacha kula. SARUJI MSIPIGE. Narudia kwa upole: msipige.

Mimi ni mwashi, nimefundishwa na baba, na baba alifundishwa na wazee waliochoma chokaa Kitunda ng'ambo. Ukuta wa matumbawe umejaa vitundu. Unyevu unapanda kutoka ardhini na chumvi yake, unatafuta pa kutokea. Lipu ya chokaa inauruhusu utoke. Ukipiga saruji ni sawa na kumvika mtu koti la mpira juani: kwa nje anapendeza, ndani analowa. Unyevu ukikosa njia unapanda juu zaidi, unafikia boriti na kenchi. Chumvi inaganda nyuma ya plasta na kulisaga jiwe. Baada ya masika kadhaa plasta inadondoka vipande vikubwa vikubwa, na kila kipande kinaondoka na ngozi ya ukuta. Nimezibandua plasta za namna hiyo Lindi, Kilwa Kivinje na Mikindani. Nyuma yake jiwe limekuwa unga, unalikwangua kwa ukucha.

Mnachotaka ni chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, ikafunikwa ikae muda mrefu mpaka ilainike kama siagi. Mchanga uwe wa mtoni, si wa ufukweni, na msichanganye kwa maji ya bahari kwa sababu mtakuwa mnapeleka chumvi pale pale mnapoikimbia. Sehemu moja chokaa kwa tatu mchanga. Mlowanishe ukuta kabla ya kupiga, pigeni nyembamba, kisha mfunike kwa magunia yaliyolowa. Chokaa haikauki kama saruji, inaganda polepole kwa kuvuta hewa. Jua kali likiikausha haraka inakuwa vumbi.

Na kabla ya lipu yoyote: PAA. Huyo mzee mwenye moyo mwambieni ageuze saruji yake iwe bati na misumari. Ukuta wa matumbawe unavumilia miaka mingi ukiwa na kofia kichwani. Maji yakiingia kwa juu katikati ya ukuta hauvumilii.

#7 Dereva wa Kusini

Fundi umeshuka na mzigo wote. Kumbe nyumba ya bibi Mnazi Mmoja tuliiua wenyewe kwa mifuko ishirini ya saruji.

#8 Mjukuu wa Dukani

Naandika kutoka Dar lakini babu alikuwa na duka la nguo Lindi, na mama amezaliwa hapo. Naomba niseme jambo ambalo hamtalipenda: hiyo alama si ya Frimasoni wala nini. Nyumba yetu ilikuwa na nyota ya pembetatu mbili juu ya mlango, na chini yake mwaka wa ujenzi. Mafundi wa Kihindi waliijua kama pambo la baraka. Wahindu wanayo, na Waislamu wanaijua kama khatamu ya Nabii Suleiman, ile ile inayochorwa kwenye hirizi. Katikati ya nyota, palipobanduliwa, inawezekana kabisa palikuwa na kibao cha mwaka au jina la mwenye nyumba.

Vigae vyeusi na vyeupe pia tulikuwa navyo, sebuleni! Viliuzwa pwani nzima.

Kwa nini kibao kimetolewa? Mwaka 1971 ilipita sheria ya kutaifisha majumba, yale yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Mengi ya Wahindi yakaenda serikalini, kwa Msajili wa Majumba. Mama anasema jirani yao aling'oa kibao chenye jina la baba yake kwa bisibisi usiku, akakifunga kwenye kanga akaondoka nacho. Tundu mbili za misumari mimi nazisoma hivyo.

#9 Mwera_Halisi

Poleni na simulizi hiyo dada, inauma.

Ila nashangaa uzi mzima tunatafuta udugu wa Mzungu na Mhindi wakati sisi tulikuwa na wetu. Hamjasikia Beni, vyama vya ngoma? Marini na Arinoti? Vilikuwa vyama kamili: vilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vikashuka Tanganyika yote, na vita vya kwanza vikavieneza kupitia askari na wapagazi. Walikuwa na sare, tarumbeta, ngoma kubwa, na vyeo: Kingi, Kaiseri, Admirali. Mtu akiugua chama kinamtunza, akifa chama kinamzika. Marini walijiona watu wa daraja, Arinoti watu wa kawaida, wakishindana kwa karamu hadi mtu anauza shamba. Serikali za kikoloni ziliwatilia shaka zikidhani ni chama cha siri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Marini. Alisimulia kuhusu nyumba ya ghorofa karibu na bandari ambako viongozi walikaa kwenye jukwaa, kila mmoja kiti chake kwa cheo, na asiye mwanachama haingii. Alisema mlangoni alisimama mtu na upanga wa mbao. Sasa mniambie kama hilo jukwaa si lake.

#10 MwalimuMstaafu

Mwera_Halisi, bandiko lako limenifurahisha kuliko yote. Lakini ujue na Frimasoni nao wana mlinzi wa nje anayesimama mlangoni na upanga. Kwa hiyo upanga hautuamulii. Beni ilikuwa hodari wa kuchukua mambo ya wakubwa na kuyafanya yake, kuanzia kofia za jeshi la majini hadi vyeo vya Ulaya. Inawezekana walipanga ukumbi wa mtu mwingine wakaufanya wao.

#11 Kijana wa Mtanda

Upanga upo, jukwaa lipo, sakafu ipo, alama ipo, bado mnakataa. Haya.

#12 Kaskazi77

Ongezeni na hii. Kuna watu wanaitwa Wateosofia, wanaotafuta hekima ya dini zote. Chama chao kilianzishwa New York 1875, na makao makuu yako Adyar, Chennai, tangu 1882. Afrika Mashariki kilikuwa na matawi, wanachama wengi wakiwa Wahindi wasomi, mawakili na makarani. Nembo yao: pembetatu mbili zilizosukwa, ndani yake msalaba wenye kitanzi wa Misri ya kale, na nje nyoka anayeuma mkia wake ameizunguka yote. Mtoa mada angalia kwa makini: kuzunguka hizo pembe kuna alama yoyote ya duara?

#13 jirani_Rahaleo

Mimi nasema lilikuwa klabu tu. Lindi ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini mpaka yalipohamishiwa Mtwara 1952. Kulikuwa na maofisa, mabwana wa mkonge wa Kikwetu na Mkwaya, halafu 1947 wakaja watu wa mradi wa karanga wa Nachingwea wamejaa mjini. Wote hao walihitaji pa kunywa na kucheza dansi. Jukwaa ni la bendi, na ukumbi usio na nguzo ni wa dansi. Hata wale wa chama cha udugu cha Nyati, kilichoanzia London 1822, walipenda kukutana na kuimba mahali pa namna hiyo. Makao makuu yalipohama, klabu ikafa.

#14 BintiMikindani

Jirani_Rahaleo leo umekiri mwenyewe kwamba Mtwara tuliwachukulia makao makuu 😀

#15 jirani_Rahaleo

Mlichukua mafaili dada. Pweza wamebaki Lindi.

#16 Mtu wa Ndoro (mtoa mada)

Asanteni sana, sikutegemea haya. Leo tumerudi na dira na tochi. Majibu haya hapa.

Ukumbi umelazwa mashariki kwa magharibi. Jukwaa liko mashariki. Kidaka kiko ukuta wa kaskazini, karibu na katikati.

Duara: kushoto chini ya alama kuna mstari uliopinda, urefu wa kiganja. Unaweza kuwa duara, unaweza kuwa ufa wa lipu. Tulipopanda ngazi na kuugusa, kingo zake ni laini, si kali kama ufa mpya. Zaidi ya hapo sisemi.

Jipya ni dari. Ilipodondoka tumeona kilichobeba paa na sakafu ya juu ya stoo: mihimili ya chuma, si boriti. Mmoja tuliufuta kutu kwa kitambaa, tukasoma herufi zilizonyanyuka kwenye chuma chenyewe: DORMAN LONG, MIDDLESBROUGH, ENGLAND.

#17 fundi_Mingoyo

Hapo sasa. Boriti ya mkoko inakupa chumba chembamba, chini ya mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Aliyejenga huo ukumbi alitaka watu wengi wakae pamoja waonane bila nguzo kuwazuia, akawa tayari kulipia chuma kitoke Uingereza kwa meli. Mwenye duka wa kawaida hafanyi hivyo kwa ajili ya stoo.

#18 Mjukuu wa Dukani

Fundi, kwa heshima, wafanyabiashara wa Kihindi waliagiza chuma Uingereza kila siku. Waliagiza bati, cherehani na baiskeli, washindwe mihimili? Na ukumbi wa watu wengi bila nguzo kwetu una jina: ni wa jamaa, wa harusi na sala. Kila jumuiya ilikuwa na wake.

#19 MwalimuMstaafu

Mtoa mada ametupa jambo zuri kuliko anavyodhani. Jukwaa mashariki: inakubaliana na Frimasoni. Kidaka kaskazini: haikubaliani nao kabisa, lakini kwa hapa Lindi kaskazini ndiko Makka. Lindi na Makka ziko karibu mstari mmoja wa longitudo, zote karibu nyuzi 39.7 na 39.8 mashariki. Ukisimama hapa ukaelekea kaskazini moja kwa moja umeelekea kibla. Kidaka cha upinde, mtu anaingia akisimama, katikati ya ukuta wa kaskazini: wenzangu, hiyo ni mihirabu, mahali anaposimama imamu.

Kwa hiyo ama ilikuwa nyumba ya ibada au madrasa tangu mwanzo, ama iligeuzwa baadaye. Fundi anaweza kutusaidia kutofautisha?

#20 Kijana wa Mtanda

Nyumba zote za mtaa ule zimelazwa mashariki-magharibi lakini, kwa sababu ya upepo wa kusi na kaskazi. Hata ya kwetu. Mbona hiyo hamuihesabu?

#21 MwalimuMstaafu

Hoja nzuri sana hiyo, na naihesabu.

#22 fundi_Mingoyo

Kujua kama kidaka ni cha tangu mwanzo: angalia mawe ya upinde. Kama kilijengwa pamoja na ukuta, mawe yake yameingiliana na ya ukuta, moja linaingia ndani, moja linatoka. Kama kilitobolewa baadaye, utaona mstari wa kukata ulionyooka na viraka vya udongo au saruji pembeni. Kwangueni chokaa taratibu kwa kijiti cha mianzi, eneo dogo la sarafu, msitumie patasi.

#23 NesiMtulivu

Samahani nawakatiza. Mtoa mada umesema dari limedondoka na jengo limefungwa miaka mingi. Popo wapo?

#24 Mtu wa Ndoro (mtoa mada)

Wamejaa, dada. Kinyesi chao kwenye kona ya magharibi kinafika kifundo cha mguu.

#25 NesiMtulivu

Basi msifagie kikavu. Kinyesi cha popo kilichokaa huota ukungu ambao vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa unaofanana na kifua kikuu, na watu hutibiwa TB wasipone. Fungueni madirisha yote siku nzima kwanza. Nyunyizeni maji mpaka kilowe, mkikusanye kwa koleo, mkifunge kwenye mifuko. Vaeni barakoa nzuri inayobana, glavu na mabuti. Mwenye pumu, mjamzito au aliye kwenye dawa za kudumu asiingie siku hiyo. Popo wenyewe msiwashike kwa mikono. Subirini watoke jioni ndipo mzibe wanapoingilia, na mhakikishe hakuna vitoto vimebaki ndani.

#26 Dereva wa Kusini

Kumbe watu waliofukuzwa na "majini" ya lile jengo walikuwa wanaumwa kifua tu.

#27 Mpiga Dili

Wakuu mnaojua hao Frimasoni, nataka kujiunga. Nimeona namba kwenye nguzo ya umeme stendi, wanasema utajiri ndani ya siku chache, kiingilio unatuma kwa simu.

#28 MwalimuMstaafu

Usitume hata senti, mwanangu. Hao wa kwenye nguzo ni matapeli, wamewaliza watu nchi nzima. Frimasoni aliyejulikana zaidi hapa nchini ni marehemu Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa 1928, akakulia Bukene kule Tabora, akafariki 2017. Aliongea hadharani mara nyingi kwamba chama chao hakigawi utajiri. Na utajiri wake haukutoka huko: alikuwa na viwanda vya kusaga nafaka, vikataifishwa 1967, na serikali ikamwomba aendelee kuliongoza shirika lililotokana navyo. Mtu aliyekuwa na uchawi wa fedha angevitetea viwanda vyake.

#29 Mpiga Dili

Nimekuelewa mzee. Namba nimeifuta.

#30 Mtu wa Ndoro (mtoa mada)

Tumekwangua kama fundi alivyoelekeza. Upande wa kushoto wa kidaka mawe yameingiliana na ukuta vizuri kabisa. Upande wa kulia kuna mstari ulionyooka na kiraka cha saruji ya kijivu. Ndani, chini ya chokaa nyeupe, kuna tabaka la rangi ya buluu ya mawingu, na chini ya buluu kuna nyekundu ya damu ya mzee. Hapo ndipo tulipoachia.

#31 Kaskazi77

Buluu ndiyo rangi ya Frimasoni wa daraja tatu za kawaida.

#32 Mjukuu wa Dukani

Buluu ndiyo rangi ya nusu ya sebule za Lindi, Kaskazi! Unga wa buluu wa kufulia ulichanganywa kwenye chokaa ili nyeupe ing'ae. Mama anacheka hapa.

#33 Mwera_Halisi

Na nyekundu nani ataieleza? Babu aliniambia vitambaa vya Marini vilikuwa vyekundu begani.

#34 fundi_Mingoyo

Kushoto asili, kulia kiraka: yawezekana kilikuwa kidaka kidogo tangu mwanzo, kikapanuliwa. Yawezekana pia kilikuwa mlango au dirisha. Au ukuta ulipasuka upande mmoja ukazibwa. Msisahau kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi, nyumba nyingi zilitengenezwa haraka baada yake kwa chochote kilichopatikana. Msilazimishe jibu. Pigeni picha kila tabaka na mita pembeni, andikeni tarehe, halafu mlifunike.

Kuhusu kazi, mpangilio wangu ni huu na msiuruke. Kwanza tegemezeni ile kona inayobonyea kwa nguzo za miti kutoka chini, na mtu yeyote asipite juu yake. Halafu bati na kofia yake, na mtengeneze gata limwage maji mbali na msingi. Mihimili ya chuma ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, hasa ncha zinazoingia ukutani: kutu inavimba na inapasua jiwe. Mfukue taka na udongo uliolundikana nje ya kuta, maana hapo ndipo unyevu unapoanzia. Lipu iwe ya mwisho kabisa, hata mwakani. Mkikuta boriti zimeoza kule nyuma mniambie kwanza, mikoko ni hifadhi na kuikata kunataka kibali. Mimi nitakuja. Nauli na chakula vinanitosha.

#35 BintiMikindani

Fundi, Mungu akuongezee. Mikindani tunakuhitaji pia, boma letu lilifufuliwa miaka ya mwisho ya 1990 likawa hoteli, lakini nyumba za watu mitaani bado zinaanguka moja moja.

#36 Mtu wa Ndoro (mtoa mada)

Yule mzee amekubali: saruji inarudi dukani, tunachukua bati. Familia ya ufunguo imekubali kuandikiana ofisi ya kata ili kesho mtu asije kusema tumevamia.

Lakini limezuka jingine. Majirani wengine, watu wazima ninaowaheshimu, wanasema watachangia nguvu kazi kwa sharti moja: ile alama juu ya mlango ikwanguliwe. Wanasema hawawezi kupanda ngazi kutengeneza nyumba yenye alama ya shetani. Wengine wanasema ikikwanguliwa wao wanajitoa. Niwaambieje?

#37 Kijana wa Mtanda

Isikwanguliwe. Mimi ndiye niliyesema ni ya Frimasoni na bado nasema, lakini ikifutwa hakuna atakayejua tena. Kama kazi ni Jumamosi nitakuja na vijana wa kwetu tubebe bati.

#38 MwalimuMstaafu

Waambie wazee kwamba katika wanaojua, mmoja ameisoma kuwa khatamu ya Nabii Suleiman. Je, wako tayari kukwangua hiyo? Waulize hivyo hivyo, kwa adabu, baada ya swala ya Ijumaa, na imamu akiwepo.

#39 Mjukuu wa Dukani

Na mama anauliza: mlango mkubwa una kitasa cha shaba chenye umbo la mkono? Kama kipo, anasema anaifahamu nyumba.

#40 fundi_Mingoyo

Alama ipakwe chokaa nyembamba juu, tabaka moja tu, bila kukwangua. Haitaonekana kwa sasa, haitaumia, na siku mkikubaliana inaondolewa taratibu na fundi. Mtu wa Ndoro, Jumamosi saa moja asubuhi niko stendi. Njoo na toroli, nina magunia ya chokaa iliyokwisha kuzimwa.

#41 Mtu wa Ndoro (mtoa mada)

Nitakuwepo na toroli fundi. Mjukuu wa Dukani, kitasa kimeng'olewa, ila kwenye mbao imebaki alama ya mahali kilipokuwa, na kuna vidole vinne vinaonekana. Mwambie mama anipigie, namba nakutumia faragha.